Kundi Lisilopewa Ushauri: Tahakiki ya Miundo ya Majaribio katika Utafiti wa Ushauri Nasaha

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna majaribio yanavyosanifiwa katika utafiti wa ushauri nasaha, hususani muundo wa kundi moja linalopimwa kabla na baada ya kunasihiwa. Majaribio matatu yanachunguzwa: lile la miji ya Cambridge na Somerville nchini Marekani, lile la vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, na lile la ushauri na upimaji wa hiari wa VVU lililofanyika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain. Makala yanadai kwamba uzito wa dai lolote kuhusu manufaa ya ushauri hutegemea kwanza kile kilichowapata wale ambao hawakushauriwa, na kwamba hapo ndipo tasnifu nyingi huwa na maelezo machache kuliko panapostahili.

Shukrani ya walioshauriwa

Mwaka 1939, katika miji ya Cambridge na Somerville, jimbo la Massachusetts, ulianza mradi uliobuniwa na daktari Richard Clarke Cabot kwa lengo la kuwaepusha wavulana na uhalifu. Wavulana walipangwa wawili wawili kwa kufanana umri, mazingira ya nyumbani, mtaa na tabia. Kisha kura ya sarafu ikaamua nani katika kila jozi asaidiwe na nani aachwe aendelee na maisha yake kama kawaida. Waliosaidiwa walitembelewa na washauri kwa wastani mara mbili kwa mwezi, kwa muda wa takriban miaka mitano na nusu. Walisaidiwa masomo, walipelekwa kwa madaktari ilipohitajika, na baadhi yao walipelekwa kwenye kambi za likizo. Mradi ulimalizika mwaka 1945, na jozi zilizofuatiliwa baadaye zilikuwa 253, yaani wavulana 506.

Miaka thelathini baadaye Joan McCord aliwatafuta watu hao, wakati huo wakiwa wanaume wa makamo, na mwaka 1978 akachapisha matokeo katika jarida la American Psychologist. Takriban theluthi mbili ya waliosaidiwa walisema kwamba mradi uliwafaa. Walikuwa na kumbukumbu nzuri za washauri wao, na baadhi waliamini kuwa bila wao wangeangukia katika uhalifu. Hata hivyo, walipolinganishwa na wenzao wa jozi, picha ilikuwa tofauti kabisa. Waliosaidiwa hawakuwa wamefanya uhalifu kwa kiwango kidogo zaidi. Katika vipimo kadhaa walikuwa na hali mbaya kuliko wale walioachwa: walielekea zaidi kurudia uhalifu, kuonyesha dalili za ulevi, kupata maradhi makubwa ya akili, na kufa wakiwa na umri mdogo.

Matokeo haya yamejadiliwa sana kwa upande wa sababu zake. Wapo waliosema kwamba washauri waliwajengea wavulana utegemezi au matarajio ambayo maisha hayakuweza kuyatimiza. McCord mwenyewe baadaye alizingatia madhara ya kuwakusanya wavulana pamoja kambini. Kwa mwanafunzi wa ushauri nasaha anayejifunza mbinu za utafiti, suala la kimbinu lina uzito kuliko hilo la sababu. Mtafiti aliyekuwa na waliosaidiwa pekee angeweza kuandika ripoti ya mafanikio iliyojaa ushuhuda wa kweli. Asingekuwa amedanganya, wala wahojiwa wasingekuwa wamemdanganya. Madhara yalionekana tu kwa sababu kulikuwa na wavulana wengine 253 ambao hakuna mshauri aliyebisha hodi kwao.

Hili linagusa dhamana ya taaluma moja kwa moja. Mara nyingi ushauri nasaha huchukuliwa kuwa jambo ambalo, likishindwa kusaidia, angalau halitadhuru. Jaribio la Cambridge na Somerville linaondoa faraja hiyo. Tasnifu inayotangaza kuwa programu fulani ya ushauri “ina ufanisi” na kupendekeza isambazwe katika shule zote za wilaya inatoa pendekezo lenye madhara yanayowezekana kwa watoto halisi, na inastahili kutahiniwa hivyo.

Sura ya tatu na kundi moja

Muundo unaozoeleka katika tasnifu za unasihi unafahamika vizuri kwa mtahini yeyote. Mtafiti huchagua shule, huwapa wanafunzi hojaji ya kupima wasiwasi, sonona au kujithamini, huwachagua wenye alama mbaya zaidi, huwapa vikao sita au vinane vya ushauri wa kikundi, kisha huwapa hojaji ileile. Wastani wa alama hupungua, jaribio la t linaonyesha kuwa tofauti ni ya kitakwimu, na nadharia tete inathibitishwa. Sura ya tatu huuita utaratibu huu “muundo wa majaribio”.

Donald Campbell na Julian Stanley, katika kitabu chao cha mwaka 1963 kuhusu miundo ya majaribio na inayokaribia majaribio, waliuweka utaratibu huu katika fungu la miundo ambayo haijafikia hadhi ya jaribio. Waliutumia kama mfano wa kufundishia makosa. Walitaja mambo yanayoweza kuleta badiliko lilelile bila ushauri wowote: matukio ya nje yanayotokea kati ya vipimo viwili, kukua na kubadilika kwa wahusika wenyewe, athari ya kupimwa mara ya kwanza, kubadilika kwa chombo cha kupimia au mpimaji, mrejeo wa alama kuelekea wastani, uteuzi wa wahusika, na kupotea kwa baadhi yao kabla ya kipimo cha mwisho. Orodha hii hunakiliwa karibu katika kila kitabu cha mbinu, na mara nyingi hunakiliwa pia katika tasnifu zenyewe. Ajabu ni kwamba hunukuliwa katika sura ileile ambayo muundo wake haujafanya lolote kuikabili.

Baadhi ya mambo hayo ni rahisi kuyaona yakiwekwa katika mazingira ya shule. Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne nchini Tanzania hufanyika Novemba. Mtafiti anayepima wasiwasi mwanzoni mwa Oktoba na kurudia kipimo wiki ya kwanza ya Desemba atakuta umepungua sana, hata kama vikao vyake vilikuwa vya kusimulia hadithi. Hakuna haja ya takwimu kulitambua hilo.

Mrejeo kuelekea wastani ni mgumu zaidi kuuona, na kwa sababu hiyo una hatari kubwa zaidi. Francis Galton aliueleza mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao: wazazi warefu kupita kiasi walipata watoto warefu, lakini si kwa kiwango cha wazazi, na wazazi wafupi sana walipata watoto wafupi ambao walikaribia zaidi wastani. Katika hojaji ya hisia jambo hilo hutokea kwa sababu alama ya siku moja ni mchanganyiko wa hali ya kudumu ya mtu na mambo ya siku hiyo: usingizi mbaya, ada ambayo haijalipwa, ugomvi wa bweni uliotokea usiku wa jana. Wanafunzi 30 wenye alama mbaya zaidi kati ya 200 wamechaguliwa kwa mambo yote mawili. Hali ya kudumu itabaki. Mambo ya siku hayatajirudia kwa mpangilio uleule. Wastani wao katika kipimo cha pili utashuka, na utashuka zaidi kadiri hojaji inavyokuwa dhaifu. Kwa hiyo mtafiti mwenye chombo kibovu ndiye atakayeona mafanikio makubwa. Mtahini anayeona kiwango cha chini cha uthabiti wa hojaji pamoja na badiliko kubwa mno anapaswa kuyasoma mawili hayo kwa pamoja.

Masaka na Rakai

Ushahidi bora wa ukubwa wa tatizo hili katika Afrika Mashariki unapatikana ndani ya jaribio lililofanikiwa. Paul Bolton na wenzake walichapisha mwaka 2003, katika jarida la JAMA, matokeo ya tiba ya kikundi inayohusu mahusiano baina ya watu, iliyotolewa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, eneo lililoathirika vikali na UKIMWI. Vijiji 15 vilitengwa kwa ajili ya wanaume na 15 kwa ajili ya wanawake. Vijiji 8 vya wanaume na 7 vya wanawake vilipangiwa tiba, na vilivyobaki vikawa vya kulinganishia. Vikundi vilikutana kila wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wa jinsia moja na wanakikundi, waliopewa mafunzo ya muda mfupi.

Kabla ya jaribio, watafiti walikuwa wamewauliza wenyeji kuhusu matatizo yao kwa lugha yao. Walipata majina mawili ya hali zinazokaribiana na sonona: moja la mtu anayejichukia, yo'kwekyawa, na lingine la mtu anayejisikitikia, okwekubazida. Orodha ya dalili ya Hopkins ilirekebishwa kufuatana na matokeo hayo, na kutumika kupimia. Hatua hii inastahili kusisitizwa kwa watafiti wanaotumia Kiswahili. Msemaji wa kawaida anaposema “nina mawazo” hasemi kwamba anafikiri. Anasema kwamba kuna jambo linamlemea. Neno “sonona” limo katika kamusi na katika vitabu vya afya, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulijibu kwa kukisia. Hojaji iliyotafsiriwa neno kwa neno, ikimuuliza mtu kama “anajisikia chini”, hupima kwa sehemu tu hisia za mjibuji; sehemu nyingine hupima ustadi wake wa kukisia Kiingereza kilichojificha nyuma ya Kiswahili. Kuitafsiri hojaji na kisha kuirudisha katika lugha ya awali, utaratibu unaotajwa katika tasnifu nyingi kama uthibitisho wa uhalali, hakuondoi kasoro hiyo, kwani tafsiri mbaya ya neno kwa neno ndiyo inayorudi vizuri kuliko zote.

Watu 341 waliokidhi vigezo waliorodheshwa. Wasaili waliwarudia kwa kuanzia na wenye dalili kali zaidi kuelekea wenye nafuu, mpaka wakapata watu 8 hadi 12 kwa kila kijiji, jumla 284. Kati yao 248 walikubali kushiriki, na 224, wanaume 108 na wanawake 116, walifika mwisho na kusailiwa tena. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu wa vijiji vya tiba na asilimia 94 ya watu wa vijiji vya kulinganishia walikidhi vigezo vya sonona kubwa. Baada ya tiba, vijiji vya tiba vilikuwa na asilimia 6.5. Vijiji ambavyo havikupewa tiba vilikuwa na asilimia 54.7.

Namba hii ya mwisho haipati uzito unaostahili. Bila kikundi, bila kiongozi, bila kikao hata kimoja, karibu watu wanne kati ya kila kumi katika vijiji vya kulinganishia walitoka katika kundi la wagonjwa wa sonona kubwa ndani ya kipindi cha miezi michache. Wengine walipona kwa kupita kwa wakati, wengine walisaidiwa na ndugu au na imani yao, na wengine hawakupona hata kidogo bali walipimwa siku nzuri baada ya kuchaguliwa siku mbaya. Uteuzi wa kuanzia na wenye dalili kali ulikuwa wa haki kwa upande wa huduma, lakini ndio hasa unaozaa mrejeo kuelekea wastani. Mtafiti ambaye angekuwa na vijiji hivyo tu, na akawapa watu wake vikao vya aina yoyote, angeripoti kwamba asilimia ya wagonjwa ilishuka kutoka 94 hadi 54.7. Mapendekezo ya tasnifu kama hiyo si vigumu kuyabuni.

Lipo jambo la pili ndani ya takwimu hizo. Kwa kipimo cha alama, wastani wa kupungua kwa dalili ulikuwa 17.47 katika vijiji vya tiba na 3.55 tu katika vile vya kulinganishia. Alama 3.55 ni badiliko dogo. Anguko la asilimia 94 hadi 54.7 ni kubwa. Yote mawili yanahusu watu walewale. Tofauti inatokana na mpaka: asilimia humhesabu mtu kuwa amepona mara anapovuka mstari, hata kama amevuka kwa hatua moja, ilhali wastani wa alama hupima umbali aliotembea. Mtafiti anayechagua kuripoti asilimia pekee baada ya kuyaona matokeo anaweza kulikuza badiliko dogo bila kugusa data yake. Bolton na wenzake waliripoti vyote viwili, na hivyo kumwezesha msomaji kuuona mvutano huo.

Jaribio la Uganda nalo lina mpaka wake. Vijiji vya kulinganishia havikupewa kikundi cha aina nyingine, kwa mfano cha kushona au cha kuzungumza tu. Kwa hiyo tofauti kati ya alama 17.47 na 3.55 ni ya tiba pamoja na yote yaliyoambatana nayo: kuketi na majirani kila wiki, kusikilizwa, kuchaguliwa. Jaribio linathibitisha kwamba kifurushi kizima kilifanya kazi. Halithibitishi kwamba nadharia ya mahusiano iliyo nyuma yake ndiyo iliyofanya kazi. Tasnifu nyingi huchanganya madai haya mawili katika sura ya tano, ambapo nadharia iliyotajwa katika sura ya pili hutangazwa kuwa imethibitishwa.

Kugawa na kuteua

Kosa moja la istilahi lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Uteuzi nasibu wa sampuli na ugawaji nasibu wa wahusika katika makundi huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja. Uteuzi nasibu hujibu swali la kama matokeo yanaweza kupelekwa kwa watu wengine. Ugawaji nasibu hujibu swali la kama tofauti kati ya makundi ilisababishwa na ushauri. Wavulana wa Cambridge na Somerville hawakuteuliwa kwa nasibu kutoka katika wavulana wote wa Marekani, lakini waligawanywa kwa nasibu, na kwa hiyo jaribio lao linabeba hoja ya usababishi. Mtafiti anayeteua wanafunzi kwa nasibu kutoka katika rejista, kisha kuwapa ushauri wale waliojitolea na kuwalinganisha na waliokataa, amefanya kinyume chake. Waliojitolea tayari walikuwa tofauti.

Mkanganyiko huu ndio unaoeleza pia matumizi ya jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Jedwali hilo, ambalo idadi yake ya 384 imekuwa kama kiapo katika sura za mbinu, lilitengenezwa kwa ajili ya kukadiria uwiano katika idadi ya watu kwa njia ya uchunguzi wa hojaji. Halisemi lolote kuhusu idadi inayohitajika ili kugundua tofauti kati ya makundi mawili. Kwa jaribio, kinachohitajika ni kukadiria ukubwa wa athari inayotarajiwa. Kwa athari ya wastani kwa mizani ya Jacob Cohen, yaani nusu ya mchepuko wastani, pamoja na nguvu ya kitakwimu ya asilimia 80 na kiwango cha 0.05, watu 64 kwa kila kundi wanatosha, jumla 128.

Hiyo ni iwapo mtu mmoja mmoja amegawanywa. Shuleni mambo huwa vingine. Mtafiti hupewa mkondo A kuwa kundi la jaribio na mkondo B kuwa kundi linganishi, kwa sababu mkuu wa shule hataki ratiba ivurugwe. Wanafunzi wa mkondo mmoja wana mwalimu mmoja wa darasa, wanasikia maneno yaleyale, na wanafanana zaidi kuliko wanafunzi wa mikondo tofauti. Ikiwa kufanana huko ni kwa kiwango cha 0.05 tu na kila mkondo una wanafunzi 40, idadi inayohitajika huzidishwa kwa 2.95, wanafunzi 128 wanakuwa takriban 378, yaani mikondo kumi hivi. (Kwamba namba hiyo inakaribia 384 ni bahati tu, na haimwokoi aliyetumia jedwali.) Kwa mikondo miwili, hata ikirushiwa sarafu, hakuna hesabu inayoweza kutenganisha athari ya ushauri na athari ya kuwa na mwalimu mpole. Ndiyo sababu Uganda vijiji vilikuwa 30, si viwili.

Bweni linaongeza tatizo jingine. Msichana aliyefundishwa kikaoni namna ya kupumua taratibu anapozidiwa na hofu atamwonyesha mwenzake wa kitanda cha juu usiku huohuo. Mtahini hawezi kumlaumu. Lakini mwenzake akiwa wa kundi linganishi, tofauti kati ya makundi inapungua, na programu nzuri inaonekana haina athari. Kugawa kwa shule badala ya mkondo hupunguza uvujaji huo kwa gharama kubwa ya fedha na muda. Mwanafunzi wa shahada ya umahiri ambaye hana uwezo wa kulipia gharama hiyo ana njia ya heshima ya kufuata: kuandika tasnifu ya maelezo au ya kitaamuli kuhusu mchakato wa ushauri, bila kuiita jaribio. Wasimamizi wachache humwelekeza huko, pengine kwa sababu neno “jaribio” linaonekana kuwa na hadhi zaidi kwenye jalada.

Walioahidiwa na waliongojea

Pingamizi linalotolewa mara kwa mara dhidi ya kundi linganishi ni la kimaadili: si haki kumnyima ushauri mtu anayeuhitaji. Pingamizi hili lina uzito, lakini linadhania kwamba manufaa ya ushauri tayari yanajulikana, jambo ambalo utafiti umekusudiwa kulichunguza. Pia linadhania kwamba chaguo ni kati ya ushauri na kutotoa chochote.

Jaribio la ushauri na upimaji wa hiari wa VVU, lililochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2000, lilitafuta njia ya kati. Watu 3,120 na wanandoa au wapenzi jozi 586, katika Nairobi, Dar es Salaam na Port of Spain, waligawanywa kwa nasibu: wengine wapate ushauri na kupimwa, wengine wapate elimu ya msingi ya afya. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu. Katika ufuatiliaji wa kwanza, kwa wastani miezi 7.3 baadaye, ngono isiyo salama na mtu asiye mwenzi wa kudumu ilikuwa imepungua kwa asilimia 35 miongoni mwa wanaume walioshauriwa na kupimwa, na kwa asilimia 13 miongoni mwa wanaume waliopewa elimu ya afya. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 39 na 17.

Tofauti ni pointi 22 kwa jinsia zote mbili, na hizo ndizo zinazoweza kuhesabiwa kwa ushauri na upimaji. Pointi 13 na 17 ni za mambo mengine: elimu yenyewe, hofu ya ugonjwa iliyokuwa ikisambaa mijini, na kule kusailiwa kirefu kuhusu mambo ambayo mtu hajawahi kuyasema kwa sauti. Muundo wa kundi moja ungezihesabu zote kwa mshauri.

Hata hivyo, kundi linganishi halikuondoa kila shaka. Kipimo kikuu kilikuwa maelezo ya wahusika wenyewe. Aliyeketi na mshauri ana kwa ana alijua vizuri zaidi jibu linalotarajiwa kuliko aliyepewa elimu ya afya tu, na hamu ya kumridhisha anayeuliza huenda haikuwa sawa katika makundi yote mawili. Upendeleo usiolingana kati ya makundi haufutwi kwa kulinganisha. Unaweza kupunguzwa kwa kipimo kisichotegemea maneno, au kwa msaili asiyejua mhusika alikuwa kundi gani. Tasnifu ambamo mnasihi mwenyewe ndiye anayegawa hojaji ya mwisho, darasani, siku ya kuagana na soda, haijafanya lolote kati ya hayo.

Watafiti wa jaribio hilo walifanya uamuzi mwingine. Katika ufuatiliaji wa kwanza, wote waliokuwa wamepewa elimu ya afya walipewa nafasi ya kushauriwa na kupimwa. Kundi linganishi likageuka kundi lililosubiri, na deni la kimaadili likalipwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa mtafiti wa shuleni utaratibu huu unawezekana kabisa: mkondo wa pili, au shule ya pili, hupewa vikao katika muhula unaofuata, na ahadi hiyo huandikwa katika fomu ya ridhaa ambayo mzazi na mwanafunzi wanaisaini. Sharti lake ni kwamba mwanafunzi yeyote ambaye hojaji ya awali inaonyesha kuwa anafikiria kujiua asiwekwe katika foleni hiyo hata kidogo. Huondolewa katika jaribio na kupelekwa kwenye huduma siku hiyohiyo, na tasnifu hueleza ni nani aliyesoma hojaji hizo na baada ya saa ngapi. Hojaji za namna hiyo zikikaa wiki tatu kwenye boksi zikisubiri kuingizwa katika kompyuta, hakuna kibali cha utafiti kinachoweza kulihalalisha hilo.

Gharama ya uamuzi wa mwaka 2000 ilionekana katika ufuatiliaji wa pili, kwa wastani miezi 13.9 tangu kuanza. Kufikia hapo, kila aliyebaki alikuwa ameshapewa nafasi ya kushauriwa, na swali la iwapo badiliko linadumu halikuwa tena na kundi la kulijibu.